Reli iliyozimwa, makasha kila mita 161

Kando ya njia moja ya matembezi iliyokuwa reli, reli iliyojengwa kwa mtindo wa Uingereza, pamesimama nguzo fupi ya zege yenye mikono miwili ya mbao. Mkono mmoja umeinama kidogo na umeandikwa 90. Wa pili umelala sawasawa na una herufi L. Nilikuwa nimeshapita hapo mara tatu au nne bila kuitazama. Siku niliyosimama mbele yake nilikuwa nasaka kasha la jiokashi, mchezo wa kutafuta vyombo vilivyofichwa, na maelezo ya kasha hilo yalinitaka nisome namba ya mkono ulioinama, niijumlishe na namba iliyochongwa kwenye jiwe la maili lililo mbele kidogo, kisha jumla niiweke mwishoni mwa longitudo. Ndipo nilipoijua kazi ya nguzo ile. 90 maana yake ni kwamba kwa kila mita 90 za kwenda mbele, reli ilishuka mita moja. L maana yake tambarare. Dereva wa garimoshi alihitaji kuyajua hayo kabla hajafika kwenye mteremko, kwa sababu mabehewa yaliyojaa mzigo humsukuma kutoka nyuma na breki za zamani hazikushika papo hapo. Kasha lenyewe nililikuta mita kama mia tatu mbele, kwenye mguu wa daraja lililong'olewa sakafu: bati la kijani, ndani yake daftari kavu, penseli, na majina ya waliotangulia.

Mwaka uliofuata, kwenye njia nyingine ya aina hiyohiyo, nilifungua vikopo arobaini na moja kwa asubuhi moja. Vyote vilikuwa vile vya plastiki vilivyokuwa vikiwekewa filamu za kamera, na kila kimoja kimewekwa chini ya mawe matatu au nyuma ya nguzo ya uzio. Sikumbuki hata kimoja.

Siku hizo mbili zinabeba mgogoro wote uliopo kati ya wachezaji wa jiokashi, wasimamizi wa njia hizi na watu wanaoishi kando yake. Swali ni kama reli ya zamani ijazwe makasha kwa kadiri kanuni zinavyoruhusu, au makasha yawe machache na kila moja liwe na sababu ya kuwa pale lilipo. Mimi nina upande, na nitausema. Lakini upande wa pili una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali, na si haki kuzipita juujuu.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha chombo chenye daftari, anatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na wengine wanakwenda kukitafuta kwa simu au kifaa cha GPS. Ukikipata unaandika jina na tarehe, unakirudisha palepale, kisha unaeleza safari yako mtandaoni. Ukitaka kuchukua kitu kilichomo, unaacha kingine. Mchezo ulizaliwa kwa uamuzi wa serikali. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukukosesha kwa mita mia moja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei uvurugaji huo ulizimwa kwa amri ya Rais Bill Clinton. Siku iliyofuata Dave Ulmer aliweka ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali ilipo. Ndani ya siku chache ndoo ilikuwa imeshapatikana. Leo makasha yaliyo hai duniani yamepita milioni 3. Neno moja kuhusu ndoo ile: sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa ardhini. Kwa kanuni za leo kasha la kwanza kabisa lisingekubaliwa, kwa kuwa kuchimba kwa ajili ya kufukia ni miongoni mwa mambo ambayo mchezo ulijifunza mapema kuyakataza. Nalitaja hilo kwa sababu baadhi ya wachezaji huzichukulia kanuni kana kwamba zilishuka zikiwa kamili. Ziliundwa kutokana na makosa, na bado zinaundwa.

Reli zilizozimwa nazo zina historia yake. Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele mwaka 1916, ukiwa na kilomita zipatazo laki nne, kisha ukaanza kupungua magari na malori yalipouzidi nguvu. Uingereza ilikata kwa mkupuo mmoja: ripoti ya mkuu wa shirika la reli, Richard Beeching, ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa kilomita kama 8,000 za njia na stesheni 2,363. Vyuma viling'olewa, mataruma yakauzwa, kukabaki tuta la kokoto linalokatiza nchi. Wisconsin, jimbo la Marekani, waliwahi kuona thamani ya tuta hilo. Njia ya Elroy hadi Sparta, kama kilomita 51 na mahandaki matatu, ilianza kutumiwa na watembeaji na waendesha baiskeli mwaka 1967, na mara nyingi ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. New Zealand wana njia ya Otago ya kati, kilomita 152, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kuvipa vijiji vya bara riziki mpya baada ya treni kuondoka. Missouri, huko Marekani, wana Katy Trail, zaidi ya kilomita 380. Uingereza, kwenye Monsal Trail, treni zilikoma mwaka 1968 na mahandaki yakafunguliwa kwa watembeaji mwaka 2011.

Sasa tazama jinsi mambo haya mawili yanavyofaana. Injini ya treni haipendi mlima. Magurudumu ya chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo wahandisi waliikata miinuko na kuyajaza mabonde ili mwinuko usizidi mita mbili kwa kila mita mia, na mara nyingi uwe chini ya hapo. Gharama ile kubwa, iliyolipwa kwa baruti, koleo na maisha ya vibarua, imetuachia njia ambayo mzee wa magoti mabovu anaweza kuitembea na mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuipita bila kusukumwa. Katika jiokashi kila kasha hupewa daraja la ugumu wa ardhi, kutoka 1 hadi 5, na daraja la 1 ni la mahali panapofikika kwa kiti cha magurudumu. Kwenye milima na misitu makasha ya daraja la 1 ni ya kutafuta kwa taa. Kwenye reli ya zamani yanaweza kujaa, mradi mfichaji akumbuke kuliweka kasha pembeni mwa njia na kwa kimo ambacho mkono wa aliyeketi unafika. Na hapo wengi hukosea: njia ni tambarare, lakini kopo liko chini ya mtaro.

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya wale wanaotaka makasha mengi, na sina jibu la kuivunja. Kwa mtu mwenye ulemavu wa miguu, mfululizo wa makasha hamsini kwenye tuta la reli unaweza kuwa ndiyo siku pekee ya mwaka anayocheza mchezo kamili, kwa kasi yake, bila kumsubirisha mtu. Kumwambia kwamba makasha hayo hayana maana kwa sababu yanafanana ni kumpimia kwa kipimo cha mtu mwenye miguu mizima.

Hoja yao ya pili ni usalama. Makasha ya mfululizo yalipata umaarufu kwenye barabara za magari, hasa ile ya jangwani Nevada, ambako mwaka 2010 yaliwekwa zaidi ya elfu moja kandokando ya barabara kuu ya jimbo. Watu walikuwa wakisimamisha gari, wakishuka, wakiandika, wakipanda, na kuondoka, kutwa kucha. Mwaka 2011 yaliondolewa kwa ombi la mamlaka ya barabara, iliyoona hatari ya magari yanayosimama ovyo. Reli ya zamani haina magari. Kama watu wanataka mifululizo, na wanaitaka kwa maelfu, basi afadhali waifuate mahali ambapo hatari kubwa kuliko zote ni kengele ya baiskeli nyuma yao.

Tena wapo watoto. Mtoto wa miaka saba hatembei kilomita nane kwa ajili ya historia ya reli. Atazitembea ikiwa kila dakika tatu kuna kitu cha kufichua. Nimemwona mmoja akiomba waendelee huku wazazi wake wakitaka kurudi, na sijawahi kuona hilo likitokea kwa bango la maelezo.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye ile mita 161. Kanuni ya mchezo inasema makasha mawili yenye chombo yasikaribiane zaidi ya maili 0.1, ambayo ni mita 161. Nia yake ilikuwa kuzuia msongamano. Kwenye msitu mpana kanuni hiyo hufanya kazi yake, lakini kwenye mstari hugeuka rula ya kupimia. Chukua kilomita 51 za Elroy na Sparta uzigawe kwa mita 161: unapata nafasi 316. Otago, kilomita 152, unapata zaidi ya 940. Hakuna anayelazimishwa kuzijaza, lakini nafasi tupu humwasha mtu anayependa hesabu. Zamani mwongozo wenyewe ulikuwa ukiwakanya wachezaji wasifiche kasha kila futi 600 kwa sababu tu inawezekana. Onyo hilo liliondolewa, na mifululizo ikashamiri mara moja. Kwa maoni yangu lile lilikuwa kosa, na lingeweza kurudishwa kwa sentensi moja kuhusu njia nyembamba.

Wembamba ndio kiini cha mambo, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Ardhi ya reli nchini Marekani kwa kawaida ina upana wa mita kama 30, yaani 15 kila upande wa mstari wa katikati. Simu mahali pa wazi hukupeleka ndani ya mita tatu hadi tano za kasha, na kwa kuwa simu ya aliyelificha nayo ilikuwa na kosa lake, mtafutaji huanza kupekua mduara wa mita kumi hivi kila upande wake. Mduara wa aina hiyo unameza theluthi mbili ya upana wote wa ardhi. Ukiurudia kila mita 161, watu watano kwa wiki, watu 260 kwa mwaka, hakuna tena pembeni mwa njia. Kila mahali ni njia.

Na hiyo ni simu ikiwa mahali pa wazi. Reli hupenda kupita kwenye mikato, yaani mahali kilima kilipochanwa katikati na kuta za mwamba zikasimama pande zote mbili. Huko chini simu inaona kipande chembamba cha mbingu. Mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kwanza ndipo yanapoifikia, na kila linalogonga limesafiri mbali zaidi kuliko simu inavyodhani. Mshale unaanza kucheza: mara mita nne kushoto, mara kumi na moja nyuma yako, mara umevuka ukuta. Mchezaji mzoefu huiweka simu mfukoni na kuanza kutumia macho. Mgeni huuamini mshale, anaanza kung'oa mawe. Kwenye mikato mingi mawe hayo si takataka. Ni ukuta wa kuzuia udongo uliopangwa kwa mkono, jiwe juu ya jiwe, bila saruji, na ukitoa moja, la juu yake linakosa pa kukaa. Uingereza chama cha wachezaji chenyewe kina mwongozo wa kutoficha kasha kwenye kuta za namna hiyo. Ni mwongozo mzuri, ila haumfikii mtafutaji ambaye mshale wake umemwambia kasha limo ukutani ilhali limewekwa kwenye mti upande wa pili.

Kuna pia kile kinachoota. Katika majimbo ya kati ya Marekani karibu nyika yote ya majani marefu ilishalimwa. Vipande vilivyobaki vimebaki mahali jembe halikufika, na kando ya reli ni pamojawapo. Kampuni ya reli ilichukua ukanda wake, ikauzungushia uzio, na mkulima akalima mpaka kwenye uzio. Kwa hiyo maua ambayo yametoweka kwenye kata nzima unaweza kuyakuta kwenye mita kumi kati ya kokoto na waya. Upande wa pili, ardhi hiyohiyo inaweza kuwa na sumu: dawa za kuua magugu zenye aseniki zilizomwagwa miaka mingi, kriosoti, yaani mafuta ya kuzuia mbao zisioze, iliyovuja kutoka kwenye mataruma, majivu ya makaa. Sababu zote mbili zinaelekea kwenye kauli moja, usichimbe na usitoke nje ya njia bila sababu.

Watetezi wa mifululizo wana jibu hapa, na ni la kweli: kasha la mfululizo kwa kawaida huwekwa wazi, hatua moja kutoka njiani, kwa kuwa lengo ni kasi. Mtu halipekui, analiona. Lile kasha la kifahari la mafumbo, lililofichwa kwa ustadi mkubwa, ndilo linalokanyagiwa majani na watu wanaozunguka nusu saa. Nimelikubali jibu hili baada ya kulikataa muda mrefu. Kopo rahisi linaweza kuumiza ardhi kidogo kuliko kasha la kiungwana. Lakini linakubalika kwa kasha moja moja. Kwa mia tatu yanayotangazwa kama kitu kimoja, hesabu inabadilika, maana mfululizo ndio unaowaleta watu kutoka mbali, kwa makundi, wakitaka kuumaliza wote kwa siku moja. Na haraka ina tabia zake. Wapo wanaobeba kopo la kwanza, wanaliacha kwenye nafasi ya pili, la pili wanalipeleka kwenye ya tatu, wakisaini huku wanatembea, ili wasipoteze sekunde za kufungua na kufunga. Kopo lisipoonekana, wanadondosha jipya walilokuja nalo mfukoni na kujihesabia wamelipata, kumbe la awali lipo hatua mbili pembeni. Baada ya misimu miwili njia ina vikopo ambavyo mwenyewe hana habari navyo. Huo si mchezo mchafu kwa macho ya wanaoucheza hivyo. Wanasema makopo yanafanana, kuna ubaya gani? Mtu wa kufagia njia ndiye anayeuona ubaya.

Sasa nije kwa jirani, ambaye kwenye mijadala ya wachezaji hutajwa mwisho.

Njia ya reli ya zamani si lazima iwe mali ya umma. Marekani kampuni nyingi hazikununua ardhi. Zilipewa tu haki ya kupita kwa ajili ya reli. Reli zilipokufa, mwenye shamba alitarajia ukanda wake urudi. Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo liliirekebisha sheria ya mfumo wa njia za kitaifa ili ukanda unaoachwa uweze kuhifadhiwa kwa ajili ya reli ya baadaye, na kwa sasa utumike kwa matembezi. Wenye ardhi walikwenda mahakamani. Mwaka 1990, katika kesi ya familia ya Preseault ya Vermont, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sheria hiyo ni halali, lakini ikaacha mlango wazi kwa wenye ardhi kudai fidia. Mwaka 2014, katika kesi ya Brandt ya Wyoming, mahakama hiyohiyo iliamua kwa kura nane kwa moja kwamba haki ya kupita iliyotolewa chini ya sheria ya mwaka 1875 hufa reli inapoachwa, na ardhi hurudi kwa mwenyewe.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanagusa kopo moja kwa moja. Mchezaji huomba ruhusa kwa msimamizi wa njia, akipewa anajiona amemaliza. Lakini msimamizi anaweza kuwa na haki ya kupitisha watu na si haki ya kuruhusu vitu viachwe kwenye ardhi. Mwenye shamba aliyeshindwa kesi, au aliyekubali njia kwa shingo upande baada ya kuahidiwa kwamba watu watapita tu, anamwona mtu saa moja usiku akimulika tochi kwenye nguzo ya uzio wake. Hajui jiokashi ni nini. Anachojua ni kwamba aliambiwa watapita, na huyu hapiti, amesimama. Akilalamika, halalamikii kopo, analalamikia ahadi. Na siku njia itakapopigiwa kura, kurefushwa au kufungwa, sauti yake itahesabiwa. Nimewasikia wachezaji wakisema jirani hana haki kwa kuwa njia ni ya umma. Mahali pengi hawajui wanachokisema.

Upande wa mchezo nao una la kujivunia mbele ya majirani. Tangu mwaka 2002 wachezaji wamekuwa na siku zao za kuzoa taka kwenye njia, na mtu anayerudi kukagua kasha lake mara nne kwa mwaka ndiye wa kwanza kuona mti ulioanguka, daraja lililolegea, au mtaro ulioziba. Msimamizi mwenye wafanyakazi wawili kwa kilomita sitini anauhitaji msaada huo. Lakini huo ni msaada wa mtu anayelijali kasha lake. Mwenye makopo mia tatu hakagui hata moja, hawezi.

Kuhusu mahandaki na madaraja sina mengi ya kupima, kwa sababu hapo naona upande mmoja tu. Handaki la zamani ni makazi ya popo, na popo aliyelala usingizi wa baridi akiamshwa huchoma mafuta aliyoyaweka ya kumfikisha masika. Huko Amerika Kaskazini kuna ugonjwa wa pua nyeupe, ulioonekana kwa mara ya kwanza New York mwaka 2006, unaoletwa na kuvu. Popo wamekufa kwa ugonjwa huo kwa mamilioni, na mbegu za kuvu huweza kusafiri kwenye viatu na nguo za watu. Kasha ndani ya handaki ni mwaliko wa watu kupapasa kuta kwa taa. Lisiwekwe. Kwenye daraja linalovuka barabara hatari ni nyingine: mtu anayeonekana akichomeka kitu chini ya chuma na kuondoka kwa kuangaza huku na huko hutoa picha mbaya. Mwaka 2011 mjini Wetherby, Uingereza, kijikasha kilichofichwa karibu na mkahawa kililetewa wataalamu wa mabomu wa jeshi na kulipuliwa. Chombo kiwe na jina la mchezo kwa nje, na kisiwe mahali ambapo woga wa mpita njia una haki.

Nikipima yote haya, msimamo wangu ni kwamba reli ya zamani iwekewe makasha machache kuliko kanuni inavyoruhusu, na yasipangwe kwa umbali bali kwa kile reli ilichoacha. Nguzo ya mwinuko, msingi wa tangi la maji, jukwaa la stesheni lililoota miti, jiwe la maili: vitu hivyo havijapangwa kila mita 161, na hiyo ndiyo faida yake. Mlinzi wa handaki refu la Elroy na Sparta, lenye zaidi ya mita 1,100, alikuwa na kibanda karibu na mlango, kwa sababu wakati wa baridi milango mikubwa ya mbao ilifungwa treni ikishapita na kufunguliwa nyingine ikija, ili barafu isibomoe handaki. Kasha moja linalomfikisha mtu kwenye habari kama hiyo, nje ya handaki, linatosha kwa kilomita kadhaa.

Kwa mikato, jawabu lipo tayari na halihitaji chombo. Tangu mwaka 2004 mchezo una aina ya kasha la jiolojia, ambapo mtu hafungui kopo. Anafika, anatazama mwamba, anajibu maswali kuhusu anachokiona, anatuma majibu. Karne ya 19 wanajiolojia walizifuata reli zilizokuwa zikichimbwa kwa kuwa mikato iliwafunulia tabaka za miamba ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Kuta hizo bado zimesimama. Hakuna jiwe linalohitaji kung'olewa ili kuzisoma, na simu ikikosea mita kumi haidhuru, ukuta ni ule ule.

Hata hivyo, nisingeifuta mifululizo yote. Kwa ajili ya yule wa kiti cha magurudumu, na kwa ajili ya mtoto wa miaka saba, ningetenga kipande kimoja cha kila njia, kilomita nne au tano karibu na maegesho na vyoo, mahali ambapo majani hukatwa hata hivyo na hakuna ua la nyika la kupoteza. Hapo makopo yafuatane, yawe kwenye kimo cha mkono, yawe na mwenyewe anayeyakagua, na msimamizi awe na orodha. Wapenzi wa idadi watasema vikopo ishirini na tano si mfululizo. Ni kweli, kwao si mfululizo. Kwa hao nadhani njia nyembamba si mahali pake, na ninajua nawanyima kitu wanachokipenda kwa dhati.

Mwaka huu nilirudi kwenye ile nguzo yenye mikono miwili. Kasha kwenye mguu wa daraja halikuwepo tena pale. Majani yaliyouzunguka ule mguu yalikuwa yamelala chini kwa mduara, kama mahali alipofungwa mbuzi kwa kamba, na kijinjia kilikuwa kimeshuka kutoka tutani hadi karibu na maji. Mwenye kasha aliliona hilo kabla yangu. Alilifunga kwa miezi sita, kisha akalihamishia juu, kwenye benchi la watembeaji, upande wa ndani wa mguu wa chuma, na akaongeza saba kwenye hesabu ili longitudo iangukie hapo. Fumbo ni lilelile, 90 bado inasomwa. Nilisaini nikiwa nimekaa. Chini, ule mduara ulikuwa umeanza kuota tena, katikati bado udongo mtupu, kingo zake tayari kijani.